Isale limepokelewa, deni bado: kisa cha wapagazi tisa wa Kibosho

Wapagazi tisa walishuka geti la Mweka baada ya siku sita za njia ya Machame, mlima Kilimanjaro, wakalipwa shilingi 60,000 kila mmoja. Walikuwa wameahidiwa 120,000. Kwa anayeujua mlima, hiyo si habari. Kinachofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa ni kwamba saba kati ya hao tisa walikuwa waumini wa parokia moja ya Kibosho, na kiongozi wa msafara aliyewalipa alikuwa wa parokia hiyohiyo, tena wa jumuiya moja, yaani kikundi kimoja cha sala cha majirani, na watatu kati yao. Dai la mshahara likageuka suala la amani ya kijiji kabla halijawa suala la sheria.

Niseme mapema: watu, kampuni na mazungumzo ya kisa hiki nimeviunda ili tujifunzie. Sheria, mafundisho ya Kanisa, njia za mlima na desturi ya isale, jani la kuombea msamaha, ni vya kweli.

Ilivyokuwa

Kiongozi alituma ujumbe wa simu: safari ya Machame, siku sita, "20 kwa siku", mje getini asubuhi. Elfu 20 ndicho kiwango ambacho KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wenye ofisi yake Moshi, ulizihimiza kampuni kwa miaka mingi zilipe. Kwa hiyo ujumbe ule haukuwa ahadi ya ajabu. Ulikuwa bei ya kampuni inayojiheshimu.

Getini, mizigo ilipokwisha kupimwa, kiongozi akawaita pembeni. Wageni wamepewa punguzo, ofisi imebana, leo ni elfu 10. Asiyetaka apishe, nje wapo. Na nje walikuwepo kweli. Aliyepita Machame mwezi wa saba au wa nane anaijua ile halaiki ya vijana inayosubiri mmoja augue au akatae ili nafasi ipatikane. Wakabeba. Machame, Shira, Barranco, Barafu, kisha kuteremka hadi kambi ya Mweka. Walipofika chini wakapewa noti mkononi, pamoja na bakshishi ya 15,000 ambayo hakuna aliyejua imetoka katika kiasi gani.

Jioni hiyo, kwenye mbege, pombe ya ndizi, wadogo walikuwa na mpango mmoja tu: kiongozi atapanda tena wiki ijayo, atashukia Mweka, watamsubiri.

Habari zikamfikia mwenyekiti wa jumuiya, mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, naye akampigia katibu wa kamati ya haki na amani ya parokia, mwalimu mstaafu. Mwalimu hakuwahubiria vijana. Aliwaambia kwamba wakimgusa yule mtu, kesho yake wao ndio washtakiwa na yeye ndiye mlalamikaji, na hela yao haitatajwa tena na mtu yeyote. Kisha akatoa daftari. Kila mmoja aandike peke yake, kabla ya kulinganisha na mwenzake: tarehe, kambi, mzigo, nini kilisemwa getini, nani alikuwepo. Ujumbe wa simu upigwe picha na utumwe kwa watu wawili, simu isije ikapotea.

Nimesoma na kusikia maelezo mengi ya "uanaharakati wa Kikatoliki" yanayoanza na maandamano. Huu ulianza na kalamu, na kwa maoni yangu saa ile ya daftari ndiyo iliyobeba kila kilichofuata. Tena ni mali ya nyumbani. VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, ni mtoto wa vuguvugu la Joseph Cardijn, padri Mbelgiji aliyewakusanya vijana wa viwandani miaka ya 1920 na kuwafundisha hatua tatu: Ona, Amua, Tenda. Papa Yohane XXIII aliziingiza hatua hizo katika waraka wake *Mater et Magistra* wa mwaka 1961. Kuona, kwa Cardijn, hakukuwa kuhuzunika. Kulikuwa kuhesabu: saa ngapi, kiasi gani, nani kasema. Leo kwenye parokia nyingi VIWAWA ni kwaya, mpira na hija. Sina ugomvi na kwaya, lakini vijana saba wa parokia yenye chama cha vijana wafanyakazi walidhulumiwa mshahara na wazo la kwanza lililowajia lilikuwa ngumi. Kuna somo limerukwa mahali.

Hatua tatu za Mathayo, siku sitini za sheria

Mwenyekiti wa jumuiya alitaka mambo yaende Kiinjili. Mathayo 18 iko wazi: ndugu yako akikukosea, mwendee ninyi wawili tu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Wakaanza. Wapagazi wawili walimfuata kiongozi nyumbani. Akawaambia wavute subira, ofisi bado haijafunga hesabu. Baadaye mwalimu akaenda na katekista. Safari hii kiongozi alikana kabisa: walikubali wenyewe getini, anadaiwa nini? Halafu akapanda mlima, njia ya Lemosho, siku nane. Akashuka, akaumwa, akawa hayupo. Wiki ya tano ikaisha.

Wakati huo saa nyingine ilikuwa ikitembea, na katika jumuiya ni mwalimu peke yake aliyeiona, naye kwa kuchelewa. Dai la malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee. Aliyeachishwa kazi ana 30 tu. Ukipitisha siku hizo unalazimika kwanza kuomba usamehewe kuchelewa na utoe sababu ya kuridhisha. Sijui ni msuluhishi gani angekubali "tulikuwa tunasali rozari" kama sababu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kamati, ingawa nia yao ilikuwa safi. Walizipanga njia hizi mbili foleni, moja baada ya nyingine, wakati zingeweza kutembea pamoja. CMA yenyewe huanza na usuluhishi: watu wanakaa mezani na msuluhishi, na Tume ina siku 30 za kujaribu kuwapatanisha kabla ya mambo kwenda kwenye uamuzi. Hakuna dhambi katika kujaza fomu huku ukiendelea kumtembelea ndugu yako.

Kilichowazuia kilikuwa andiko. Mzee mmoja wa baraza alisimama na 1 Wakorintho 6: Mkristo hampeleki Mkristo mwenzake mahakamani. Tukimpeleka tutavunja amani ya jumuiya. Watu wakaitikia kwa vichwa. Na sura hiyo kweli inasema hivyo, ila mzee aliishia mstari wa saba. Wa nane unawageukia upande wa pili: "Bali ninyi wenyewe mwadhulumu watu na kuwanyang'anya mali zao, naam, hata ndugu zenu." Paulo hakuwa anamlinda mdhulumu asidaiwe. Zaidi ya hapo, kampuni iliyoko mjini haikuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Kumwita kiongozi peke yake "ndugu aliyekosa" kulikuwa kunaificha ofisi nyuma yake, na kwa wiki tano ofisi haikuulizwa swali hata moja.

Neno amani lilifanya kazi ya ajabu katika wiki hizo. Kila lilipotajwa, lilielekezwa kwa wanaodai. Sikumbuki mahali katika kisa hiki ambapo aliyelipa nusu aliambiwa yeye ndiye anayevuruga amani.

Isale

Wiki ya sita baba mdogo wa kiongozi alifika nyumbani kwa mpagazi mdogo kuliko wote akiwa na jani la isale na mbege. Kwa asiyetoka Kilimanjaro: isale ni mmea ambao Wachaga huupanda mipakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, na jani lake hupelekwa kuomba msamaha. Anayeletewa isale hakatai kirahisi. Kukataa ni kujiweka mwenyewe upande wa makosa. Baba wa kijana akalipokea.

Kijiji kikapumua. Jumuiya ikamshukuru Mungu. Wapagazi watatu wakamwambia mwalimu wafutwe kwenye daftari, mambo yamekwisha.

Mwalimu alikwenda kumwona yule baba, akamkuta anapalilia migomba. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi.

"Mzee, isale umelipokea?"

"Nimelipokea, Mwalimu. Ningelikataaje?"

"Na elfu sitini ya kijana ilikuja nalo?"

Baba alifikiri, kisha akasema jambo ambalo sijaona limesemwa vizuri zaidi katika waraka wowote: hasira yake imekwisha, atamsalimia yule mtu na atakunywa naye, lakini hasira ilikuwa yake na hela ni ya mwanawe. Hawezi kusamehe kisicho chake.

Mafundisho ya Kanisa yako upande wa mzee huyu. Katekisimu, namba 2412, inasema haki inadai kilichochukuliwa kwa dhuluma kirudishwe kwa mwenyewe, na inamtaja Zakayo, ambaye katika Luka 19 alitaja hata kiwango: mara nne. Na desturi yenyewe haipingani na hilo. Mmea uleule unaoombea msamaha ndio unaoonyesha mpaka, cha huyu kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi.

Maneno ya mzee yalisambaa. Kati ya watatu waliojitoa, wawili walirudi. Na kiongozi mwenyewe, ambaye sasa alikuwa amesalimiwa na amekunywa na watu, alimwendea katekista usiku akamweleza alichokuwa akikificha wiki zote: kampuni ilimpa elfu 15 kwa kila mpagazi kwa siku, akalipa 10. Kati ya upungufu wa 60,000 kwa kila mtu, 30,000 haikutoka ofisini kabisa na 30,000 ilibaki mfukoni mwake. Alikuwa na ada za watoto na msimu mbaya nyuma yake, na ofisi ilikuwa bado inamdai. Ujumbe wa simu uliomwonyesha kiasi alichotumiwa alikuwa nao.

Kwa hiyo nisieleweke kama naidharau njia ya jumuiya. Isale lilileta kitu ambacho fomu isingekileta kamwe, shahidi kutoka ndani. Mtu anayeogopa kupigwa Mweka hasemi kitu. Lakini lisingeweza kuifikia ofisi ya mjini, kwa sababu ofisi haiombi msamaha kwa jani. Hapo ilihitajika fomu.

"Walikubali wenyewe"

Dai lilifika CMA Moshi siku ya 51, na nakala ilikwisha kupelekwa kwa kampuni kwanza, kama utaratibu unavyotaka. Kufungua dai ni bure. Waliosaini walikuwa wanane. Wawili kati yao si wa parokia, na mmoja ni Mlutheri wa Machame. Kuna aliyeuliza kama kamati ya Kikatoliki inapaswa kumbeba. Mwalimu hakujibu, alimpa yule Mlutheri kalamu. Sheria inamruhusu mdai kuwakilishwa kwenye usuluhishi na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, wakili, au mtu aliyemchagua mwenyewe, kwa hiyo mwalimu aliingia kama mwakilishi wa wanane.

Kampuni ilikuja na hoja mbili. Ya kwanza, hawa si wafanyakazi wetu, ni vibarua wa kiongozi. Hoja hii ndiyo uti wa mgongo wa dhuluma yote ya mlimani, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mfanyakazi hata mkataba wake uwe na sura gani, ikiwa mojawapo ya mambo yaliyotajwa lipo: kazi yake inaelekezwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anatumia vifaa vya mwingine, anamtegemea kiuchumi. Mpagazi anaambiwa aamke saa ngapi, abebe hema la nani na alale kambi ipi. Majina yao yameandikwa getini chini ya kampuni yenye kibali cha msafara. Kiongozi alikuwa mkono wa kampuni tu, na mkono haugeuki mwajiri kwa sababu ndio ulioshika noti.

Hoja ya pili ilikuwa ileile ya kiongozi: walikubali elfu 10 getini. Kisheria inakwama haraka. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na yakibadilika, abadilishe kwa kushauriana naye na kumjulisha kwa maandishi. Asipoweza kuonyesha maandishi hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Kampuni haikuwa na karatasi. Wapagazi walikuwa na "20 kwa siku".

Kimaadili hoja hii ina historia ndefu zaidi. Papa Leo XIII aliijibu mwaka 1891 katika *Rerum Novarum*: mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa sababu ya dhiki, au kwa kuogopa balaa kubwa zaidi, amelazimishwa, na makubaliano yake hayasafishi dhuluma hiyo. Katekisimu, namba 2434, inarudia kwamba maridhiano ya pande mbili peke yake hayatoshi kuhalalisha kiasi cha mshahara. Ukitaka kuona Leo XIII alimaanisha nini, nenda ukasimame geti la Machame saa tatu asubuhi.

Walichopata na walichouza

Usuluhishi ulikwisha katika kikao cha pili. Kampuni ilikubali kulipa sehemu yake, 30,000 kwa kila mmoja wa wanane, jumla 240,000, kwa simu, moja kwa moja. Makubaliano yaliyosainiwa mbele ya msuluhishi yanatekelezeka kama hukumu ya mahakama, na hilo ni kubwa kuliko kiasi chenyewe. Kiongozi alirudisha 30,000 zake kwa awamu, kupitia katekista, na kwa wote tisa, kwa kuwa isale halikuwabagua. Yule wa tisa, ambaye hakurudi kwenye daftari, alipata nusu ya kiongozi na hakupata ya kampuni.

Kampuni iliomba kitu kimoja: pasiwe na mtu wa kulisema jambo hili mitandaoni. Mwalimu akasaini.

Linganisha na California. Wavuna zabibu wa Delano waligoma mwaka 1965, na mwaka 1966 kiongozi wa chama chao, Cesar Chavez, aliwaongoza kwa miguu hadi Sacramento nyuma ya bendera ya Bikira Maria wa Guadalupe. Dorothy Day, ambaye pamoja na Peter Maurin alianzisha gazeti la *Catholic Worker* mwaka 1933, na ambaye alipinga vita vyote kwa ukali uleule alioutumia kudai mshahara wa haki, alikamatwa akiwa upande wa wavunaji hao mwaka 1973, na umri wake miaka 75. Lakini mikataba ya wakulima wakubwa wa zabibu za mezani, mwaka 1970, haikuletwa na sala wala mgomo peke yake. Ililetwa na mnunuzi wa mjini aliyeziacha zabibu dukani. Hawakumpiga mtu, na hawakunyamaza.

Mlimani mnunuzi, yaani mgeni anayepanda, hayuko mbali. Amelala hema la jirani na mpagazi. Maoni yake akirudi kwao ndiyo yanayoleta wageni wa mwaka ujao, na kampuni inajua. Ndiyo maana, naamini, ofisi ile ilikithamini kifungu cha kunyamaza kuliko ilivyozithamini 240,000. Namwelewa mwalimu: wanane walitaka hela yao, Januari ilikuwa inakaribia na ada zake, na kukataa kungewapeleka kwenye uamuzi, miezi mingine. Hata hivyo kimya kile kiliuzwa bei ya chini. Angeweza kudai kifungu kimoja badala yake, kwamba kuanzia sasa malipo yaende kwenye simu ya kila mpagazi bila kupita mkononi mwa kiongozi. Hicho kingewafaa hata wasiokuwa kwenye daftari. Hakikuombwa kwa sababu kila mtu mezani, na mwalimu pia, alikuwa akifikiria safari moja. Kamati ya parokia inafikiri kwa kisa. Chama cha wafanyakazi hufikiri kwa mkataba. Sheria inaruhusu wafanyakazi 20 kuunda chama, na watu 20 wa kubeba mizigo ni nusu saa ya kupita nyumba kwa nyumba Kibosho.

Tangu wakati huo kamati imebadilisha utaratibu wake: daftari siku ileile, fomu ndani ya wiki mbili, na kutembeleana kunaendelea pembeni. VIWAWA ya parokia imepewa ujumbe mfupi wa kunakili, ambao mpagazi humtumia kiongozi kabla ya kwenda getini akimwomba athibitishe siku, njia na kiasi, ili jibu libaki kwenye simu. Viongozi wengine hawajibu. Wapagazi wawili kati ya wanane hawajaitwa na kampuni ile tena, wanapanda na nyingine. Bakshishi haikuguswa kabisa, kwa kuwa wageni waliitoa kwa bahasha, kiongozi akaigawa, na hakuna aliyeweza kuthibitisha ilikuwa kiasi gani; kamati sasa inataka wageni waitangaze mbele ya msafara mzima asubuhi ya mwisho, na hadi sasa ni viongozi wachache waliokubali kuwaeleza wageni wao hivyo.